Ndoo ya Bluu Getini

Asubuhi ya kwanza nilipoikuta ile ndoo getini kwangu, nilidhani kuna mtu ameisahau.

Ndoo ya bluu, ya lita ishirini, imejaa maji. Na juu ya maji kulikuwa na kitawi chenye majani mabichi, kimelazwa taratibu, inaonekana kabisa aliyekiweka alikuwa na nia yake.

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Hakuna mtu.

Asubuhi ya pili, ndoo ile ile, maji, majani.

Ya tatu, vile vile.

Wakuu, mimi nimefanya kazi mahakamani miaka thelathini na mbili. Nimepiga chapa mashauri ya kila aina, ya mirathi, ya wizi, ya watu kukatana mapanga kwa sababu ya ng'ombe. Siyo mtu wa kuogopa ovyo. Lakini asubuhi ile ya tatu nilisimama getini na mswaki mdomoni, naogopa kuisogelea ndoo.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mkasa huu ukiusikia juu juu utanionea huruma, na mimi sistahili.

Naitwa Nestory. Nimestaafu mwaka juzi, karani wa mahakama hapa Mwanza mjini. Nilizaliwa Bukoba mjini, baba naye alikuwa karani, kwa hiyo tangu utoto maji nayajua ya kufungulia koki. Maisha yangu yote ya kazi nilipanga Pasiansi, chumba changu cha kulala kimepakana na baa. Muziki ukizima saa nane, saa kumi na moja jogoo wa jirani anapokea zamu.

Nikajiapiza. Nikistaafu nakwenda mahali ambapo nitasikia pumzi yangu mwenyewe.

Nikapata kiwanja mbele ya Kisesa, unaacha lami, unafuata vumbi mpaka ziwani. Kitongoji chenyewe sikitaji, wahusika wote wapo hai.

Aisee, pale ni pazuri. Ziwa linaingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, halafu ndani linatanuka na kutulia. Asubuhi maji yako chini, unaona mawe yana ukoko wa kijani na mnandi wamesimama juu yake wanakausha mabawa. Upepo wa alasiri ukianza, unayasukuma maji kuingia ndani, yanapanda polepole mpaka yanafunika mawe yote. Kesho asubuhi yameshuka tena. Wenyeji wanasema ziwa linapumua.

Mimi na mke wangu Gladness tukajenga. Nyumba ya vyumba vitatu, kibaraza kimeangalia maji. Nikanunua kiti cha kulalia, redio ndogo na chupa kubwa ya chai. Nikasema sasa ni mimi na pensheni yangu.

Tatizo likawa njia.

Kona ya kiwanja changu ilikatwa na njia ya miguu. Ilikuwepo kabla yangu, kabla ya hati yangu, pengine kabla ya baba yangu. Inateremka mpaka kwenye mwamba mpana ulioingia majini, na hapo ndipo akina mama wa kitongoji walipokuwa wanachota maji.

Saa kumi na mbili asubuhi, mimi nimekaa na chai yangu, wanaanza kupita.

"Mwangaluka, Mzee!"

Unaitikia. Unadhani yameisha? Salamu ya Usukumani haina njia ya mkato, jamani. Utaulizwa umelalaje, wa nyumbani wamelalaje, mjini wanaendeleaje, ng'ombe je. Sina ng'ombe! Nao wanajua sina, lakini wanauliza. Huyo akimaliza, mwenzake nyuma anaanza upya.

Nilihesabu siku moja. Salamu thelathini na moja kabla chai haijapoa.

Gladness alikuwa anazipenda. Mimi nilikuwa nasaga meno.

Basi mwezi wa tatu binti yetu aliyeko Dar akajifungua, na mke wangu akapanda basi kwenda kumlea mzazi. Miezi mitatu.

Wiki moja baadaye nikaita fundi, tukasimika nguzo, tukavuta waya wa miiba toka ukuta wangu mpaka kwenye maji. Njia ikafa. Nilisubiri mke wangu aondoke kwa sababu nilijua asingekubali. Naliandika hili ili mjue kwamba nilikuwa na akili zangu timamu.

Halafu nikachora kibao kwa rangi nyekundu. Mkono wangu wa kazini haujanitoka, herufi zilinyooka kweli kweli:

KWA AMRI. NI MARUFUKU KUPITA. MITA 60 KUTOKA ZIWANI.

Amri ya nani, sikuandika.

Kesho yake alikuja Bernadeta. Sisi tunamwita Mama Masele, mjane, nyumba ya pili kutoka kwangu, analima mchicha na anaishi peke yake tangu mwanawe aende Geita machimboni. Wenzake walikuwa wamemtuma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Masele."

"Tumeona kibao. Tukasema tusikasirike, kwanza tuulize. Hii amri ni ya nani?"

Hapo palikuwa na nafasi yangu. Neno moja tu, "yangu", na angenitukana moyoni, wangeenda kwa mwenyekiti, tungegombana kama majirani wengine wanavyogombana, na mambo yangeishia hapo.

Nikasema, "Serikali."

"Serikali?"

"Watu wa mazingira walikuja. Sheria ya mita sitini. Hata mimi mwenyewe wamenikataza kuchota, pampu yangu si uliona imebebwa?"

Pampu aliiona kweli, juu ya bodaboda. Ilikuwa imeungua, nikamtuma kijana wa bodaboda aipeleke mjini kwa fundi. Wala sikuwa na haraka nayo, kwa sababu maji ya bomba yalishafika uani kwangu, nyuma ya ukuta, ambako yeye hakuwahi kuingia.

Na sheria ya mita sitini ipo kweli, wakuu. Ila inamkataza mtu kama mimi kujenga. Haimkatazi mama mwenye ndoo kupita.

Bernadeta akaniangalia. "Kumbe na wewe, Mzee?"

"Na mimi. Sheria ni msumeno."

"Loo." Akatikisa kichwa. "Wabeja kwa kutuambia. Mwingine angetuacha tupite mpaka tukamatwe."

Akanishukuru. Mimi nikaitikia, nikafunga geti.

Mwenyekiti wetu, anaitwa Chenge, naye alikuja. Akauliza barua iko wapi. Nikamwambia barua iko wilayani, inafuata. Mtu wa mahakamani akikwambia barua inafuata, utambishia nini?

Lakini kabla hajaondoka alisema neno.

"Mzee Nestory, pale mwambani maji ni maangavu. Kitu chochote kikija unakiona kikiwa mbali. Sasa watakwenda kule kwenye matete, na kule huoni kitu. Miaka ya nyuma mamba alishachukua mbuzi pale."

"Serikali haijali mbuzi," nikamjibu, nikacheka.

Kwa hiyo nilijua. Hakuna mahali katika mkasa huu ambapo naweza kusema sikujua.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kimya. Ndege, maji, redio. Nikanogewa, nikaongeza kibao cha pili, hiki nikakibandika getini: USIGONGE KABLA YA SAA TATU.

Wiki ya pili ndoo ikaanza.

Sasa mnielewe. Mtu mwenye kosa hahitaji wa kumshtaki, nililiona hilo mahakamani kila siku. Nilipoona maji ya ziwa yameletwa mpaka getini kwangu, mimi niliyewafungia ziwa, na majani mabichi juu yake, akili ilikwenda sehemu moja tu. Nimetegewa. Hiki ni kipapai, uchawi wa kutumiwa.

Mke wangu sikumwambia. Ningemwambiaje habari ya ndoo bila habari ya waya?

Nikampigia Alexander, tulikuwa naye masijala, naye amestaafu yuko Pasiansi.

"Majani gani?" akauliza.

"Sijui. Mabichi tu."

"Yamegeukia wapi?"

"Kwangu."

"Kaka, hayo siyo ya kuchezea. Usiyaguse kwa mkono. Mwaga kwa mguu, huku umeangalia pembeni. Na usiingize ile ndoo ndani."

Nikafanya hivyo hivyo. Kila asubuhi natoka, naangalia pembeni, napiga ndoo teke, maji yanamwagika yote barabarani. Naacha ndoo imelala hapo. Ikifika saa nne haipo, imechukuliwa. Kesho asubuhi imerudi, imejaa.

Siku moja niliamua kuvizia. Nikakaa dirishani toka saa kumi na moja alfajiri. Usingizi ukanipitia, nilipozinduka ndoo ipo, na maji yake bado yanacheza.

Nilikonda. Chai ikawa haipiti. Kile kiti changu cha kulalia nikawa sikikalii, nahisi matete yananiangalia.

Asubuhi kumi na tisa. Karani hasahau hesabu.

Ya ishirini nikafungua geti, hakuna ndoo.

Nilifurahi kama mtu aliyeachiwa huru. Nikarudi ndani nikajimiminia chai, nikaenda kibarazani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikawasha redio.

Ndipo nikasikia yowe.

Lilitokea upande wa matete. Sauti ya mwanamke mmoja kwanza, halafu wengi, halafu wanaume wanaitana. Pale kijijini yowe likipigwa kila mtu anaacha alichoshika anakimbia. Ni sheria isiyo na kibao.

Mimi nilimaliza chai yangu kwanza. Nikijisemea ni mambo yao.

Nilipofika watu walikuwa wamejaa, wanaume wana mapanga na mikuki, wamelowa mpaka kifuani. Katikati yao Bernadeta amelazwa kwenye nyasi. Chenge alikuwa anamfunga khanga juu ya kiwiko cha mkono wa kulia, anakaza kwa nguvu zake zote. Chini ya kiwiko sikuangalia mara mbili.

Na kwenye matete, inaelea, kulikuwa na ndoo ya bluu. Kitawi cha majani kilikuwa kimenasa pembeni yake.

Naomba mvumilie ninachotaka kukiandika sasa. Mtu amelala mbele yangu, damu inamtoka. Mimi moyoni nikasema: kumbe mchawi ni wewe. Umepatikana.

Nilisema hivyo. Sekunde kama tatu hivi, nilifurahi.

"Mzee! Gari!" Chenge akanipigia kelele. Gari lilikuwa langu tu pale kitongojini.

Nikakimbia, nikalileta, wakampakia nyuma, Chenge amempakata. Njia nzima mpaka hospitali mjini Bernadeta alikuwa anasema neno moja. "Ndoo. Ndoo." Chenge anamwambia tulia mama, ndoo zipo nyingi. Mimi nimeng'ang'ania usukani, nawaza anaungama huyu.

Hospitalini walimpokea haraka. Tulikaa kwenye benchi mimi na Chenge, nguo zake zinachuruzika maji.

"Alikuwa ameshachota ya kwake," akasema. "Ile ilikuwa safari ya pili. Tunamwambia kila siku, wewe unaishi peke yako, ndoo moja inakutosha. Hasikii. Anasema ya pili ina mwenyewe."

Nikainuka nikaenda kumuulizia kwa nesi.

Walimkata mkono, lakini alipona. Siku ya nne nikaenda kumwona. Nimebeba machungwa, ila kilichonipeleka hasa ni swali. Nilitaka kumuuliza nilimkosea nini mpaka anitegee.

Alikuwa amekaa kitandani, shuka limefunika upande wa kulia. Aliponiona akajitahidi kukaa vizuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pole, Mama Masele. Pole sana."

"Nimeshapoa." Kisha akaniangalia, uso wake una wasiwasi kweli. "Mzee, sasa nani anakuletea maji?"

Nikadhani sijasikia vizuri. "Maji gani?"

"Mama yuko Dar. Ziwa wamekufungia, pampu wamekuchukulia. Nikasema mzee wa watu, hajazoea kubeba, atakunywa nini? Ataoga nini?" Akashusha sauti kidogo, kama anayeomba radhi. "Nilitaka nigonge nikupe mkononi. Lakini umeandika tusigonge kabla ya saa tatu, na mimi saa hiyo niko kwenye mchicha. Nikasema basi nitakuwa naiacha."

Machungwa yalikuwa bado mkononi mwangu.

"Na yale majani?" nikauliza.

Alicheka. Mtu amekatwa mkono siku ya nne, akacheka. "Mzee! Hata majani huyajui? Ukibeba ndoo kichwani maji yanaruka ruka njiani. Ukiweka majani juu, yanatulia. Kila mama anaweka."

Nikatikisa kichwa. Asubuhi zote zile nilihesabu salamu zao, ndoo zao sikuwahi kuziangalia.

"Nikirudi kutoka bustanini nakuta ndoo tupu," akasema. "Nafurahi. Nasema haya, leo Mzee ameoga."

Niliweka machungwa kitandani, nikasema nakuja. Nikatoka nje mpaka kwenye gari, nikajifungia, nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo.

Sijui mnanielewa. Nilimdanganya kwamba sina maji, akaamini, akaniletea maji. Njia nzuri nilimfungia mimi, akapita njia mbaya mara mbili kila asubuhi, mara ya pili kwa ajili yangu. Na mamba alimkuta kwenye ile ya pili.

Nikampigia Gladness nikamweleza yote. Waya, kibao, uongo, ndoo. Sikuficha kitu.

"Nestory."

"Naam."

"Una bomba uani."

"Ndiyo."

"Ulishindwa hata kumwambia mama wa watu aingie akinge?"

Nikaegemeza kichwa kwenye usukani.

"Umemwambia?"

"Bado. Nimeshindwa."

"Rudi ndani ukamwambie. Usipomwambia, mimi kwenye hiyo nyumba sirudi. Kaa na kimya chako."

Nikarudi ndani. Nilivuta kiti karibu na kitanda, nikaanza. Yeye alikuwa anamenya chungwa kwa meno, amelishika kwa mkono wa kushoto. Nilipofika kwenye waya akaliweka chini.

"Amri ilikuwa yako," akasema.

"Yangu."

"Watu wa mazingira hawakuja."

"Hawakuja."

"Na pampu?"

"Iliungua."

"Kwa hiyo maji ulikuwa nayo siku zote."

"Bomba liko uani."

Akaufuta mkono wake kwenye shuka. Wagonjwa wa jirani walikuwa wametega masikio. Halafu akauliza swali ambalo nililiogopa kuliko yote.

"Na yale niliyokuwa naleta?"

Ningeweza kudanganya tena. Ningesema nilikuwa namwagilia maua. Lilinijia kabisa mdomoni.

"Nilikuwa nayamwaga."

"Yote?"

"Yote. Nilidhani ni uchawi."

"Siku zote hizo?"

"Siku kumi na tisa."

Kwa habari ya waya hakulia. Kwa habari ya uongo hakulia. Hapo ndipo machozi yalimtoka, akageukia ukutani.

"Mkono ameuchukua mamba," akasema. "Yule ni mnyama, ana njaa yake. Maji umeyamwaga wewe."

Kisha akasema, "Nenda, Mzee."

Siku hiyo hiyo niling'oa waya kwa mikono yangu, nina makovu mpaka leo. Vibao vyote viwili nikavipasua kuni. Jumapili Chenge akaitisha mkutano, nikasimama mbele ya watu nikasema amri ilikuwa yangu. Chenge akaniambia rudia, wazee wa nyuma hawajasikia. Nikarudia kwa sauti.

Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Nilivuta bomba mpaka nje ya ukuta, nikaweka koki, nikasema kila mtu akinge bure. Haligusi mtu. Wanapita njia yao ya zamani mpaka mwambani, ndoo kichwani, majani juu, wanapita mita tano kutoka kiti changu.

Hawanisalimii.

Salamu thelathini na moja, hata moja haipo. Nilitaka kimya na nimekipata, na nawaambia hakuna kelele ya baa inayofika nusu ya uzito wake.

Bernadeta alirudi nyumbani baada ya wiki tano. Asubuhi iliyofuata nikachukua ndoo, nikateremka mpaka mwambani, nikachota. Siyo ya bomba. Yeye aliniletea ya ziwa.

Mzee wa miaka sitini na moja, karani mstaafu, na ndoo kichwani mbele ya wanawake. Pale kwetu mwanamume hafanyi hivyo. Kuna waliocheka, na nilistahili. Nikaiweka mlangoni kwake, nikasimama pembeni.

Akatoka. Akaniangalia. Akaishika ndoo kwa mkono wake wa kushoto, akaiinamisha, maji yote yakaenda mchangani. Akanirudishia ndoo tupu, akaingia ndani.

Kesho yake nikapeleka. Akamwaga.

Kesho kutwa, akamwaga.

Gladness amesharudi. Anasimama dirishani ananiangalia ninavyopita shingo imekakamaa. Nilimwomba siku moja anisaidie hata kunitwika, akasema, "Hiyo ni ya kwako." Kwa Bernadeta huwa anaenda jioni, anamfulia, wanaongea na kucheka. Nikitokea mimi wananyamaza.

Nilijiwekea hesabu kichwani. Siku kumi na tisa, kama zangu. Mambo ya mahakamani hayo, mtu akitumikia kifungo chake anatoka. Siku ya kumi na tisa nikapeleka, akamwaga, nikasema moyoni basi, tumelipana.

Siku ya ishirini, ambayo ni leo, nilibaki nyumbani. Nikajimiminia chai, nikakaa kibarazani. Maji yameshuka, mnandi wako juu ya mawe, kila kitu kipo kama nilivyokiota nikiwa Pasiansi. Nikainua kikombe.

Nikakumbuka kikombe kingine, cha siku ile ya yowe, nilichokimaliza chote.

Nikakiweka chini. Nikachukua ndoo nikateremka mbio, nimechelewa, jua limeshatoka. Nilipanda njia kwa haraka, maji yananiruka usoni, shati limelowa mpaka kwenye mkanda. Nilipofika kwake ndoo imebaki nusu.

Alikuwa amesimama mlangoni. Sijui kama alikuwa ananisubiri, siwezi kudai hilo. Akaiangalia ndoo, akaniangalia mimi ninavyotiririka.

Akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Weka majani, Mzee. Unafika na nusu."

Kisha akaiinamisha ile nusu, akaimwaga yote mchangani, akanirudishia ndoo yangu.

Somo langu ni fupi. Ukimdanganya mtu mbaya, mtamalizana wenyewe kwa wenyewe. Ukimdanganya mtu mwema, hujui wema wake utampeleka mpaka wapi, na atakwenda kwa ajili yako. Wewe unayesimika nguzo zako leo, kama ni amri yako, sema ni yako.

Naishia hapa. Jua linazama, na kabla giza halijaingia nataka nikachume majani ya kesho.